Mshipa

Hapa Calumet babu zetu walishuka ardhini
kuufuata mshipa wa shaba.
Walilisoma jiwe kwa kidole na taa ya mafuta:
hapa upo, hapa umekatika, hapa rudi nyuma.
Leo mimi Tyyne, dereva wa basi la shule,
nimelala chali ndani ya duara jeupe la plastiki
na kijana Jory, kitukuu wa wachimbaji kama mimi,
anautafuta wangu.

Amenibandika waya tatu kifuani,
baridi kama sarafu.
Amesema inua mikono juu ya kichwa,
nami nimeinua, kama aliyesalimu amri.
Kisha sauti, si yake, ya mashine:
Vuta pumzi. Izuie.

Nikaizuia.

Nikamwona kaka yangu Urho, miaka hamsini na miwili,
juu ya paa mwezi wa Februari, beleshi mkononi,
theluji ikimfika magotini.
Hakupiga kelele. Aliketi tu,
kama mtu aliyeona kitu mbali,
na alipoitwa kahawa hakuitika.
Mazishini walisema alikuwa na moyo wa chuma.
Daktari alisema chokaa.
Ileile inayoganda ndani ya birika,
ninayoikwangua kwa siki kila Jumamosi.

Pumua.

Dola tisini na tisa kwa sekunde kumi,
na tisini na tisa nyingine za Reino, mume wangu,
apakaye siagi juu ya jibini,
aliyeacha sigara mbele ya watu
na kuirudia nyuma ya banda la kuni.
Alikuja kunisindikiza tu. Nilimlipia
ili aogope kidogo.
Mimi ni uji wa shayiri, maili tatu kila alfajiri,
mvua, barafu, hata siku ya Krismasi.

Bahasha mbili zikafika siku moja.
Yake: sifuri.
Yangu: mia tatu arobaini na moja.

Reino akazisoma, akazigeuza,
akaziinua kwenye taa kama noti za bandia.
"Wamezichanganya," akasema. "Hii yako, hii yangu."
Na akanisukumia sifuri yake mezani,
kweli kabisa, kwa kidole,
kama mtu anayekuachia kipande cha mwisho cha nyama.

Daktari Trevarrow alinionyesha kwenye kioo:
moyo wa kijivu, na juu yake punje nyeupe,
chumvi iliyomwagika na haikufutwa.
Maisha yangu yote nimeambiwa nina moyo mwepesi,
moyo wa kutoa, moyo mweupe.
Mara moja tu, tukigombea nyumba ya mama,
dada yangu Lempi aliniita mwenye moyo wa jiwe.
Sikusema naye miaka miwili.
Kumbe alikuwa ameshaiona picha.

Kidonge kimoja kila usiku. Tutaonana Mei.
Je, babu yangu, naye alikuwa nayo?
Ama yeye aliwahiwa na mwamba wa nje
kabla huu wa ndani haujakomaa?
Hilo halikuandikwa popote.

Usiku ule ilianguka theluji ya futi mbili.
Saa kumi na moja alfajiri nikasikia beleshi,
kwaruza, tupa, kwaruza,
nami nikiwa bado kitandani.
Miaka thelathini na minane kazi hiyo ni yangu;
mgongo wa Reino, unajua, mgongo wake.
Nikaenda dirishani.
Alikuwa amevaa kofia yangu, kaipindua nje ndani,
anakata njia iliyopinda kama mlevi,
na kila hatua tatu anasimama, mkono kiunoni,
mvuke ukimtoka mdomoni.

Nikagonga kioo. Hakusikia.
Basi nikasimama pale bila viatu
na, pasipo mtu kuniamuru,
nikavuta pumzi, nikaizuia
mpaka alipofika barabarani.